BARAZA LA NYUMBANI: Mwalimu Aliyekataza Kunakili



Juma hili baraza letu lamzungumzia mtu ambaye silaha yake ilikuwa brashi. Huyo ni Elimo Njau, mchoraji na mwalimu wa uchoraji, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro.

Katika miaka ya 1950 kijana huyo alikuja Kampala kusoma sanaa katika Chuo cha Makerere. Mwalimu wake alikuwa Bibi Margaret Trowell, aliyeyaanzisha masomo hayo mwaka 1937 kwa kuwafundisha wanafunzi wachache barazani mwa nyumba yake. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno tu, kisha kila mmoja akalichora jinsi alivyoliona moyoni mwake.

Mbegu hiyo ilizaa matunda huko Murang'a, Kenya. Kanisa lilikuwa limejengwa pale kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau alichora ukutani picha tano kubwa za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Angeweza kuiga picha za Ulaya, na hapana ambaye angemlaumu. Lakini watu aliowachora ni Waafrika, na vilima walivyosimama ni vya Murang'a. Hivyo waliofiwa waliweza kuutazama msiba wao katika ardhi yao wenyewe.

Mwaka 1965 yeye na wenzake walifungua nyumba ya sanaa mjini Nairobi, wakaiita Paa ya Paa, yaani paa mnyama arukaye juu. Humo wasanii walionyesha kazi zao, na watoto walifunzwa kuchora. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba anayenakili humlaza Mungu usingizi. Mwaka 1997 moto uliiteketeza nyumba hiyo pamoja na picha na vitabu vingi. Njau na mkewe Phillda hawakukata tamaa. Waliendelea kuwapokea wageni na wanafunzi palepale penye magofu.

Huenda afande mmoja atauliza: Mambo haya yanatuhusu nini sisi watu wa kambini? Yanatuhusu sana. Askari wa lindo anayeripoti alichoambiwa, badala ya alichokiona, hukihatarisha kikosi kizima. Macho ya namna hiyo hayapatikani siku ya kuvaa sare. Hulelewa nyumbani, tangu utotoni.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akichora kwa mkaa ng'ombe mwenye miguu mitano, usikimbilie fimbo. Wala usimshike mkono ukamchorea ng'ombe wako wewe. Mpeleke akamtazame ng'ombe mwenyewe, amhesabu miguu, aone pembe zilivyopinda, kisha arudi achore tena. Ukuta ukichafuka, mpe kipande cha boksi.

Nawe baba urudiye likizoni baada ya miezi mingi, kabla ya kudai ripoti ya shule, omba kuonyeshwa picha. Keti chini, sikiliza maelezo. Pengine utajiona humo, umechorwa mdogo sana, kando kabisa ya karatasi. Usikasirike. Mtoto amechora alichokiona.

Hadi juma lijalo, kwaherini.