Kutangulia Ndiko Kufika: Kalenda ya Uteuzi wa Rais Marekani

Kila baada ya miaka 4 ulimwengu huletewa habari za uchaguzi wa Rais wa Marekani, na habari hizo aghalabu huanza kwa majina ya majimbo mawili madogo ambayo katika miaka mingine ni nadra kutajwa: Iowa na New Hampshire. Mwananchi anayezisikia redioni hudhani kwamba Wamarekani wameanza kumchagua Rais wao. Sivyo. Siku ya uchaguzi huo iliwekwa kwa sheria tangu mwaka 1845, nayo ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Novemba. Kinachofanyika kati ya Januari na Juni ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ni jambo zito zaidi: ni kuamua watu gani watabaki mbele ya umma ili umma uchague kati yao.

Walimu wanaofundisha uraia, na watumishi wa Serikali ambao kazi yao ya kila siku ni taratibu, wanayo sababu ya kuitazama kalenda hiyo kwa makini. Tumezoea kupima demokrasia kwa kuuliza nani anapiga kura na nani anazihesabu. Marekani inatufundisha swali la tatu, ambalo ni nadra kuulizwa: nani anapanga siku?

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, haivitaji vyama vya siasa hata mara moja. Kwa hiyo haisemi chama kimpateje mgombea wake. Pengo hilo limezibwa kwa viraka vya sheria za majimbo 50, kanuni za vyama viwili vikubwa, na desturi. Katika majimbo mengi hufanyika uchaguzi wa mchujo, unaofanana kwa mbali na kura za maoni za vyama vyetu, lakini wenyewe husimamiwa na Serikali ya jimbo. Katika majimbo machache, wafuasi wa chama hukutana jioni moja mashuleni, makanisani na kumbini, mtaa kwa mtaa, na kuonyesha chaguo lao katika mikutano inayoendeshwa na chama chenyewe. Yako majimbo ambamo mtu asiyejiandikisha kuwa mfuasi wa chama haruhusiwi kupiga kura ya mchujo ya chama hicho, na yako mengine ambamo mlango u wazi kwa kila mpiga kura.

Kura hizo hazimteui mgombea moja kwa moja. Kazi yake ni kuwagawia wagombea wajumbe wa mkutano mkuu wa chama wa taifa, ambao hufanyika mwezi wa Julai au Agosti. Chama cha Democrat hugawa wajumbe kwa uwiano wa kura, ila mgombea asiyefikia asilimia 15 hapati kitu. Chama cha Republican huyaachia majimbo uhuru zaidi, na katika chaguzi za karibuni majimbo yanayopiga kura baada ya katikati ya Machi yameruhusiwa kumpa mshindi wajumbe wote. Mwaka 2024 chama hicho kilikuwa na wajumbe 2,429. Aliyepata 1,215 alikuwa amekwisha kuwa mteule, hata kama nusu ya nchi ilikuwa haijapiga kura.

Utaratibu huu si wa kale kama wengi wanavyodhani. Kwa muda mrefu wagombea walitoka mikononi mwa wakubwa wa vyama. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alishinda sehemu kubwa ya majimbo machache yaliyofanya mchujo, lakini mkutano mkuu wa Republican ukamteua William Taft, aliyekuwa madarakani. Mwaka 1968, taifa hilo likiwa limezama katika vita vya Vietnam, Seneta Eugene McCarthy alipata asilimia 42 ya kura za New Hampshire dhidi ya Rais Lyndon Johnson wa chama chake mwenyewe, na kabla ya mwezi kwisha Johnson akatangaza kwamba hatagombea tena. Robert Kennedy aliuawa mwezi wa Juni, mara baada ya kushinda California. Mwezi wa Agosti chama cha Democrat kilikutana Chicago na kumteua Hubert Humphrey, Makamu wa Rais, ambaye hakushindana katika mchujo wa jimbo lolote, huku nje polisi wakiwapiga virungu vijana waliopinga vita.

Aibu ya Chicago ndiyo iliyozaa utaratibu wa leo. Tume iliyoongozwa na Seneta George McGovern, na baadaye Mbunge Donald Fraser, ilitunga kanuni za kuwapokonya wakubwa uamuzi na kuwakabidhi wafuasi wa kawaida. Kanuni hizo zilianza kutumika mwaka 1972. Nia ilikuwa njema. Lakini tume ilipoondoa mamlaka vyumbani mwa wakubwa, sehemu yake kubwa ilihamia mahali ambapo wachache walipaangalia, yaani katika kalenda.

Tuangalie jinsi Iowa ilivyopata nafasi yake. Kanuni mpya zilitaka pawepo muda wa kutosha baina ya mikutano ya mitaa, ya wilaya na ya jimbo. Viongozi wa Democrat wa Iowa walihesabu siku kurudi nyuma kutoka mkutano wa jimbo, wakajikuta mwezi wa Januari. Mikutano ya mitaa ikafanyika tarehe 24 Januari 1972, kabla ya jimbo lolote kufanya mchujo. Hapakuwa na baraza lililokaa likaamua kwamba wakulima wa mahindi wa Iowa wana busara kuliko Wamarekani wengine; ni hesabu ya siku tu iliyowafikisha hapo. Mwaka 1976 Jimmy Carter, aliyekuwa Gavana wa Georgia na asiyejulikana sana nje ya jimbo lake, aliitambua thamani ya ajali hiyo. Alipata asilimia 28 hivi katika Iowa, nyuma ya asilimia 37 ya watu ambao hawakumtaja mgombea yeyote. Hata hivyo magazeti yalimpokea kama mshindi, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa Rais.

Aliyeonja asali huchonga mzinga. Tangu siku hizo Iowa haikukubali kuiachia nafasi yake kwa hiari. New Hampshire nayo, ambayo mchujo wake ulikuwa wa kwanza tangu 1920, ilijiwekea sheria kwamba lazima itangulie mchujo mwingine wa aina hiyo kwa siku 7 au zaidi, na Katibu wa Jimbo akapewa uwezo wa kuchagua tarehe. Mtu mmoja, Bill Gardner, alishika ofisi hiyo kuanzia 1976 hadi 2022, na wanasiasa wa taifa zima walikuwa wakingoja atangaze siku yake.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Katika uteuzi wa Marekani, kutangulia ndiko kufika, na sababu yake haina siri. Anayeshinda mapema huandikwa magazetini. Anayeandikwa huchangiwa fedha. Anayechangiwa hununua matangazo katika jimbo linalofuata. Anayeshindwa hukaukiwa na mfuko, akajitoa, na jina lake huwa halina maana tena kwa mamilioni ambao zamu yao ya kumpima haijafika. Mwaka 2012 Mitt Romney alitangazwa usiku kuwa mshindi wa Republican katika Iowa kwa kura 8. Wiki mbili baadaye ilionekana kwamba Rick Santorum ndiye aliyetangulia, kwa kura 34. Lakini New Hampshire ilikuwa imekwisha kupiga kura, Romney akiwa ameshinda huko pia, na sifa za usiku ule wa kwanza hazikuweza kurudishwa.

Sasa tazama upande wa walio nyuma. California ina watu zaidi ya milioni 39. Iowa ina milioni 3 na ziada, na New Hampshire haifiki milioni moja na nusu. Mwaka 2016 California ilipangiwa kupiga kura ya mchujo tarehe 7 Juni. Jioni ya tarehe 6 Juni shirika la habari lilitangaza kwamba Hillary Clinton alikuwa amekwisha kupata wajumbe wa kutosha wa Democrat, wakiwemo wakubwa wa chama ambao hawakufungwa na kura ya mtu yeyote. Watu wa jimbo lenye umma mkubwa kuliko yote waliamka asubuhi kwenda vituoni kumchagua mtu ambaye tayari alikuwa ameitwa mteule. Mwaka 2024 Nikki Haley alijitoa katika kinyang'anyiro cha Republican tarehe 6 Machi, wakati majimbo zaidi ya 20 yalikuwa hayajapiga kura. Donald Trump alifikisha wajumbe wa kutosha tarehe 12 Machi. New Jersey, Montana na New Mexico zilipiga kura tarehe 4 Juni. Waliopiga kura siku hiyo walitimiza wajibu, lakini ni vigumu kusema kwamba walichagua.

Ngojangoja huumiza matumbo, na ndiyo maana majimbo hugombea kusogea mbele. Kwa uchaguzi wa 2008, Florida na Michigan zilihamishia kura zao Januari kinyume cha kanuni. Chama cha Democrat kiliadhibu kwa kuwafuta wajumbe wao wote, kisha kikawarudishia nusu ya sauti, na mwishowe sauti nzima wakati mshindi alikuwa amekwisha kujulikana. Iowa, kwa kuogopa kupitwa, ilikutana tarehe 3 Januari, watu wakiwa bado katika mapumziko ya mwaka mpya.

Wapo wanaoitetea kalenda hii, na hoja yao haifai kupuuzwa. Wanasema jimbo dogo humpa mgombea asiye na fedha nafasi ya kusikilizwa uso kwa uso, nyumba kwa nyumba. Carter ni ushahidi wao. Barack Obama pia ni ushahidi: ushindi wake wa Iowa mwaka 2008, katika jimbo ambalo wakazi wake wengi mno ni weupe, uliwatoa wengi shaka kama mtu mweusi angeweza kuchaguliwa. Nakubali. Lakini hoja hiyo inatetea kuanza na jimbo dogo. Haitetei kuanza daima na jimbo lilelile, wala haielezi kwa nini bei ya mahindi ya Iowa isikilizwe na kila mtaka urais kuliko kodi ya nyumba ya mfanyakazi wa Los Angeles. Tena, hoja ya mgombea maskini imepungua nguvu tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 1976 kwamba kuwawekea wagombea ukomo wa matumizi ni kuubana uhuru wa kusema, na mwaka 2010 ilipoyafungulia makampuni mlango wa kutumia fedha katika kampeni bila kikomo, mradi wasishirikiane na mgombea. Matajiri wanaweza kuishi Iowa kwa njia ya televisheni.

Ushahidi mkubwa kuliko yote kwamba kalenda ni mamlaka ulitolewa na Joe Biden. Mwaka 2020 alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire. Aliokolewa na South Carolina tarehe 29 Februari, ambako wapiga kura weusi walimwinua. Alipokuwa Rais, chama chake, kwa pendekezo lake, kiliiweka South Carolina mbele kwa mwaka 2024. Ilikuwa haki kwamba wapiga kura weusi wasikilizwe mapema. Lakini aliyepanga siku ndiye aliyenufaika nazo. New Hampshire ilikaidi na kupiga kura tarehe 23 Januari. Jina la Biden halikuwamo kwenye karatasi, na wafuasi wake waliliandika kwa mkono mpaka akashinda.

Yote hayo yalifutwa kiangazi hicho. Tarehe 21 Julai 2024, baada ya kura zote za mchujo kwisha, Biden alijitoa. Hapakuwa na muda wa kuwarudia wapiga kura. Wajumbe walimteua Kamala Harris, Makamu wa Rais, kwa kura iliyokwisha tarehe 5 Agosti, na mkutano mkuu ukafanyika baadaye mwezi huohuo, Chicago. Miaka 56 baada ya Humphrey, chama kilekile, katika mji uleule, kilikuwa tena na mteule ambaye hakupitia mchujo wa mwaka huo.

Dawa si ngumu kuitaja. Majimbo yangeweza kugawanywa katika kanda zinazopokezana nafasi ya kwanza kila uchaguzi. Makatibu wa majimbo wenyewe waliwahi kupendekeza mpango wa namna hiyo miaka mingi iliyopita. Haukufuatwa, kwa kuwa anayefaidika na utaratibu ndiye mara nyingi mwenye uwezo wa kuubadili.

Marekani hupenda kutoa hukumu juu ya chaguzi za mataifa mengine, na haidhuru nasi tuutazame wake kwa utulivu, bila kejeli. Kura za Wamarekani huhesabiwa, na wenye kushindwa mchujo mara nyingi hukubali. Lakini raia wa New Jersey anayepiga kura mwezi wa Juni na raia wa New Hampshire anayepiga Januari hawana kura ya uzito mmoja, hata kama karatasi zao zinafanana. Mwalimu atakapowaeleza wanafunzi maana ya uchaguzi huru, na awafundishe pia kuisoma ratiba: iliandikwa na nani, lini, na ni majina gani yatakuwa yamebaki zamu ya kila mmoja itakapofika.