Dolari ilishuka, muchele ulibakia juu

Ndugu zetu vijana wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Tuseme wazi: bei ya chakula hapa Kindu haipangwi sokoni peke yake. Sehemu moja inapangwa kule Kinshasa, ndani ya ofisi za Banki Kuu na za Ministeri ya Uchumi. Maamuzi ya kule yakileta hasara, hasara inafika kwetu siku ileile. Yakileta faida, faida inapotea njiani. Njo jambo tunalotaka kuzungumza leo.

Tukumbuke namna mambo yalivyopita. Agosti 2023, Banki Kuu ilipandisha riba yake kutoka 11 mpaka 25 kwa mia, juu franka ilikuwa inaanguka. Riba ile ikipanda, feza inakuwa ngumu: banki hazikopeshi kwa urahisi, na mwenye duka anayekopa anaingiza riba yake ndani ya bei ya sukari na ya sabuni. Ilikuwa dawa chungu, na sisi wote tuliinywa kwa zaidi ya miaka miwili. Halafu, Septemba na Oktoba 2025, franka ikapata nguvu. Dolari moja ikatoka juu ya 2.800 na kuanguka chini ya 2.500 kwa muda wa wiki chache. Oktoba ileile, Banki Kuu ikashusha riba mpaka 17,5 kwa mia, na serikali ikaomba wafanyabiashara washushe bei.

Na Kindu je? Dolari ilishuka kwa kambisti, lakini kilo ya muchele haikusikia habari.

Kuna watu wanaosema ni kosa la mama wa soko. Hapana. Tufanye hesabu pamoja. Mama alinunua mfuko kwa dolari 30 wakati dolari ilikuwa 2.850: mfuko ule ulimgharimu franka 85.500. Dolari ikifika 2.400, dolari zile 30 zinakuwa franka 72.000. Ukimlazimisha auze kwa bei ile, anapoteza franka 13.500 kwa mfuko mmoja, na kesho hana mtaji. Mama huyo hatutamgusa. Lakini mfuko unaofuata, ule ulionunuliwa kwa dolari ya 2.400, sababu gani nao uuzwe kama ule wa zamani? Tunaelewa stoki ya wiki mbili, ya wiki tatu. Stoki isiyoisha miezi ni stoki gani? Hapo sasa tunasemesha wale wakubwa wenye madepo, si mama mwenye beseni.

Na kuna watu waliopata hasara mara mbili. Ni sisi wenyewe: vijana wenye diploma na bila kazi, tunaoishi kwa dolari 50 anazotuma kaka au shangazi kwa simu. Kwa 2.850, dolari 50 zilikuwa franka 142.500. Kwa 2.400 ni franka 120.000. Franka 22.500 zimetoka mfukoni, na bei za sokoni zimebakia palepale. Kumbe franka yenye nguvu, bila bei kushuka, inaweza kumtia maskini njaa. Hatukatai franka ipate nguvu. Mwalimu na askari wanaolipwa kwa franka wanastahili feza yao iwe na maana. Lakini maana ya feza inaonekana ndani ya sufuria.

Wengine watauliza: muchele wetu unalimwa hapahapa Maniema, dolari inaingia wapi? Inaingia kwa njia ya esansi. Muchele unatoka kijijini juu ya moto au ndani ya gari, na kila lita iko na bei yake. Bei ya esansi kwenye pompi inapangwa na Ministeri ya Uchumi, kanda kwa kanda. Na kampuni za mafuta zikisema zimeuza kwa hasara, serikali ndiyo inayobeba deni lile, maana yake ni feza zetu wote. Sasa angalia hapa kwetu: wengi wetu tunanunua kwa kadhafi, ndani ya chupa, kwa bei anayotaka yeye. Tunachangia kulipa hasara ya pompi ambayo hatunywi mafuta yake!

Tangu Goma ianguke Januari 2025, na Bukavu Februari, mambo yamekuwa magumu zaidi. Ndege zilizokuwa zinatuletea bidhaa kutoka Goma zilisimama. Tunabakia na treni ya upande wa Lubumbashi isiyo na saa, mtumbwi wa Ubundu, na barabara ya Lubutu. Kila njia iko na bariera zake, na kila bariera inaomba kitu. Banki Kuu inaweza kurekebisha dolari. Haiwezi kurekebisha bariera. Ile kazi ni ya wakubwa wetu wa hapa, na hawawezi kuitupia Kinshasa.

Hata inchi tajiri zinasumbuka na jambo hili. Kisha bei za chakula na mafuta kupanda sana mwaka 2008, Marekani ilipiga sheria ya 2010 ili wachezaji wakubwa wa soko la feza wasishike ngano na petroli nyingi kupita kiasi. Kanuni ya kwanza ilivunjwa na tribinali 2012, na ile ya mwisho ilipitishwa 2020 tu. Miaka kumi! Sheria bila watu wa kuisukuma inalala.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, bei halali ya esansi ya kanda yetu iandikwe kwa herufi kubwa mbele ya kila pompi na itangazwe kwa redio, pamoja na bei ya dolari ya siku. Pili, wakaguzi wa uchumi waanzie kwenye madepo, waangalie karatasi za manunuzi, na waache kusumbua mama wa soko. Tatu, serikali ya jimbo itoe liste ya bariera zote zilizo halali. Isiyo ndani ya liste iondolewe.

Na sisi, tusikae kungojea. Kila Jumamosi, kila mmoja wetu aandike bei tatu za mtaa wake: kilo ya muchele, lita ya esansi, mfuko wa makala. Tarehe, mahali, bei. Tutazikusanya na kuzitangaza. Mkubwa akisema bei zimeshuka, tutamwonyesha daftari.

Kindu si mkia wa inchi. Na sisi tunakula.