POLISI WA ZANZIBAR NI HOJA YETU PIA



Wiki hii kwenye kundi letu umezuka ubishi kuhusu polisi wa Zanzibar. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba Zanzibar ni nchi ya visiwa yenye polisi wake, hivyo yanayowapata watu wa Pemba mikononi mwa askari si kazi ya tawi lililoko Kilosa. Wengi mkaweka dole gumba. Sisi sekretarieti hatukubaliani naye, na tumeona tuandike badala ya kuendelea kutumiana sauti za dakika tano tano.

Zanzibar ina Rais wake, bendera yake, Baraza la Wawakilishi na mahakama zake hadi Mahakama Kuu. Polisi wake yenyewe haina. Ilikuwa nao zamani. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 wanamapinduzi walianzia kwenye kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, maana ndiko silaha zilikokuwa. Serikali iliyopinduliwa, yenye uhuru wa mwezi mmoja tu, ilikuwa imeanza kuwaachisha kazi askari waliotoka Bara, na baadhi ya hao walioachishwa walikuwa miongoni mwa waliovamia. Miezi mitatu baadaye Mkataba wa Muungano ukaingiza polisi katika mambo 11 ya Muungano. Leo ukifungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, Polisi ni jambo la nne.

Kinachowachanganya watu ni vikosi vya SMZ: KMKM, JKU, Valantia, Zimamoto na Mafunzo. (Wapenzi wa mpira mnawajua KMKM na JKU kwa timu zao.) Hivyo kweli ni vya Serikali ya Mapinduzi. Lakini askari polisi wa Wete yuko chini ya Kamishna wa Polisi Zanzibar, na Kamishna yuko chini ya IGP huyu huyu wetu. Ukishitakiwa kule, mwendesha mashtaka ni wa Zanzibar na hakimu ni wa Zanzibar. Ukifungwa unakwenda Mafunzo, si Magereza. Anayekuja kugonga mlango usiku ndiye wa Muungano.

Tuliosoma uhasibu huuliza kwanza nani analipa. Fedha za Jeshi la Polisi ziko Fungu 28, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na zinapitishwa na Bunge Dodoma. Baraza la Wawakilishi pale Chukwani halilipigii kura fungu hilo. Mbunge wa kwetu analipigia. Kwa hiyo mwananchi wa Micheweni akionewa na askari, mbunge tuliyempigia kura sisi ana sauti kuliko mwakilishi aliyemchagua yeye mwenyewe. Ndugu yetu aliyesema si hoja yetu, hapo atujibu.

Tena kuna jambo tunalotaka wazee watukumbushie vijana. Desemba 2000, hapa hapa Kilosa, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Haikupita miezi miwili, tarehe 27 Januari 2001, waandamanaji wa upinzani walipigwa risasi Unguja na Pemba. Waliokufa walizidi 30, askari naye akiwemo, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Jeshi lilikuwa moja, IGP mmoja, bajeti moja. Rudewa ulinzi haukuwafikia watu kwa wakati, Pemba ukawafikia kwa risasi. Sisi hatuoni hayo kama matatizo mawili. Ni swali moja la nani anaamua askari wapelekwe wapi, na wakalinde nini.

Wapo Wazanzibari wanaotaka polisi irudi kwao. Tunawaelewa, ila hatuungani nao. Kubadilisha beji hakutamfanya askari ajibu kwa aliyemwonea. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande, iliyowasilisha taarifa yake Julai 2023, ilitaka Jeshi lifanyiwe mabadiliko makubwa, na haikusema ya Bara peke yake.

Na kwetu je? Mwaka jana mwanachama wetu aliamka akakuta ng'ombe wamemaliza mahindi yake. Alipofika kituoni (hatutakitaja) aliambiwa gari halina mafuta, atoe elfu hamsini. Alikopa akatoa. Walipofika, ng'ombe walikuwa wameshahama. Stakabadhi hakupewa, na sisi kama wahasibu hilo ndilo lilituuma kuliko yote, maana pesa ile haipo kwenye kitabu chochote cha serikali.

Kikao cha tawi ni Jumapili saa nane mchana, mahali pa kawaida. Tutaandika maswali ya kumpelekea Mbunge kabla Fungu 28 halijasomwa. La kwanza ni mafuta ya magari ya vituo: yanapangwa lita ngapi na zinafika ngapi. La pili ni askari waliolalamikiwa na wananchi: wangapi wamechukuliwa hatua, Bara na Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Mwenye la tatu aje nalo limeandikwa. Mwenzetu wa dole gumba naye aje, tutampa nafasi ya kwanza kusema.

Imetolewa na Katibu wa Tawi,
Kidete, Kilosa