Sindano Haikukufunga Kizazi

Tuseme wewe ni mke wa Lorugum. Miaka ya ndoa imepita bila mtoto, mahari ilikwisha kulipwa zamani, na maneno ya mavyaa yamekuchosha. Mwishowe ngamia na mbuzi wanauzwa, mnapanda gari hadi Lodwar, kisha mnaelekea Nairobi, ambako watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabarani walizaliwa mwaka wa 2006. (Mumeo naye amepimwa? Sikuulizi kwa ubaya. Hitilafu za mbegu za kiume si haba.)

Unadungwa sindano. Baada ya majuma mawili hivi, joto linakupanda usoni usiku, kichwa kinagonga, uke unakauka. Nyumbani wananong'ona kuwa umefungwa kizazi.

Hukufungwa. Kwa kawaida ubongo hutuma amri kidogo kidogo, mfano wa mtu anayebisha hodi, anyamaze, abishe tena. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huitikia kwa kumwaga homoni mbili, nazo huviamuru vifuko vya mayai kukuza yai na kutengeneza estrojeni, na baadaye projesteroni. Dawa kama buserelin hubisha bila kukoma. Siku za kwanza tezi huitikia kwa pupa, hata estrojeni ikapanda. Halafu huchoka, ikanyamaza. Vifuko vikikosa amri, estrojeni hushuka karibu na kiwango cha mwanamke aliyekoma hedhi, na hapo ndipo lile joto hutoka. Dawa za aina ya pili, kama cetrorelix, huziba mlango mara moja na hutumiwa siku chache tu.

Madaktari hufanya hivyo ili mayai yanayokuzwa kwa sindano nyingine yasitoke kabla ya kuvunwa. Dawa haiyamalizi mayai yako. Ikikomeshwa, tezi huamka na hedhi hurejea baada ya majuma kadhaa. Wanaopaswa kuhofia mifupa ni wanaoitumia kwa zaidi ya miezi sita, aghalabu kwa maradhi mengine ya kizazi.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Mayai yakisha kuvunwa, tezi huwa bado imelala, na vifuko havitoi projesteroni ya kutosha kuishikilia mimba. Ndiyo maana unapewa projesteroni ya kutumia nyumbani. Usiiache eti kwa sababu unajisikia vyema. Na kwa kuwa baadhi ya vidonge vya kuingizwa ukeni vimeundwa viyeyuke kwa joto la mwili, fikiria jua la Turkana litavifanyaje ndani ya mkoba! Kabla ya kuondoka Nairobi, uliza vinahifadhiwa vipi, na ukifika nyumbani mwombe muuguzi akuwekee mahali penye ubaridi.

Tumbo likivimba upesi, pumzi zikibana au ukitapika mfululizo, usingoje gari la kesho. Nenda hospitali ya Lodwar siku hiyo hiyo, na uwaambie ni sindano gani ulizodungwa.