Nani Kasema Mtu Mzima Haigizi?

Waambie watu wazima wa Ukunda kwamba kuna mchezo ambao watu watano huketi mezani, mmoja akawa kipa, mwingine kocha, mwingine mwenyekiti wa timu asiyetaka kutoa nauli, kisha wakaicheza mechi nzima kwa maneno mpaka dakika ya 90. Jibu la kwanza ni kicheko. La pili: hayo mambo ya watoto. La tatu hutoka kwa waliosoma: hayo mambo ya Wazungu, watu wetu hawatayaweza, labda myarahisishe sana.

Hilo la tatu ndilo linaloniudhi, kwa sababu linajifanya huruma.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mombasa ilikuwa na vyama viwili vya ngoma ya beni, Kingi na Scotchi. Watu wazima wenye kazi na wake walijipa vyeo vya mfalme, jemadari na kapteni, wakashona sare, wakapiga gwaride nyuma ya matarumbeta, wakatafuta kila hila ya kuwashinda wapinzani wao kwa pambo na kwa kishindo. Lamu nayo ikawa na pande zake, na Tanganyika ikawapata Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliyaandikia mashindano hayo kitabu kizima mwaka 1975. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walikuwa wametoa Dungeons & Dragons huko Marekani, mchezo ambao dunia inauhesabu kuwa mama wa michezo yote ya kuigiza wahusika mezani. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mtu mzima wa pwani hajui kujivika cheo kisicho chake na kukitetea mbele ya watu, aniambie pia jemadari wa Scotchi alikuwa nani siku ya kazi.

Au tuache ya kale. Agosti 2025 Madagascar waliwatoa Harambee Stars robo fainali ya CHAN pale Kasarani, penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1. Kaa barazani baada ya matokeo kama hayo. Huyu ni kocha Benni McCarthy, anaeleza angemtoa nani na dakika ya ngapi. Yule anamjibu kwa sauti ya mchezaji aliyetolewa. Wa tatu ni mpiga penalti, anatembea kuelekea alama nyeupe, na watu wazima wenye mvi wananyamaza kumsubiri. Mchezo umeshachezwa hapo. Kilichokosekana ni kanuni tu.

Basi kosa liko kwa watengenezaji, na kwa wanaowaletea mchezo watu wasioujua wakidhani hao ndio wenye upungufu. Mtu akiambiwa abuni mchezo wa mezani wa kandanda, mara moja huanza kumpa kila mchezaji namba: kasi 7, shuti 5, pumzi 6. Rusha dadu, jumlisha, linganisha, andika. Saa nzima imekwisha na mpira haujavuka nusu ya uwanja. Anayetaka hesabu za namna hiyo anazo tayari kwenye simu yake, tena zikiwa na picha. Nathan D. Paoletta aliliona hili alipotunga World Wide Wrestling, mchezo wa mieleka ya maonyesho: nani mwenye nguvu si swali kubwa pale, kwa kuwa mambo yanakolea nyuma ya pazia na katika mioyo ya mashabiki.

Sasa lete wazo hilo Msambweni. Mechi ya Jumamosi huanza Jumatatu. Binti ni kipa hodari, lakini ruhusa iko kwa babu. Njumu ni jozi moja kwa miguu ya watu wawili. Ugenini ni Kinango, maana yake matatu mpaka Ukunda, kisha Kombani, kisha kupanda Kwale na kuendelea bara, na mwenyekiti amezima simu. Refa inasemekana ni binamu wa nahodha wa wenyeji. Kila kimoja kati ya hivyo ni pambano lenye mshindi na aliyeshindwa, na katika mapambano hayo mama wa chama ambaye hajawahi kugusa mpira atamwacha mbali kijana aliyekariri ligi yote ya Uingereza. Mkabidhi kazi ya kumwombea mjukuu ruhusa kwa babu, kisha ukae pembeni ujifunze. Wala si lazima iwe kandanda. Shule ya Kaya Tiwi imelitangaza jina la Kwale nchi nzima kwa mpira wa kikapu wa wasichana.

Kuna jambo ambalo hao wa kurahisisha hawalifikirii kabisa, nalo ni dadu. Katika eneo lenye Waislamu wengi kama letu, usiweke dadu mezani ukashangaa wazee wakiondoka. Ipo hadithi katika Sahih Muslim inayokemea nardi, mchezo wa dadu, na wanazuoni wengi wameichukulia kuwa onyo juu ya michezo ya dadu kwa jumla. Ongeza maduka ya kubashiri mechi yalivyotuchoma, na utaelewa kwa nini mama hataki kuona bintiye akirusha kitu na kuomba namba. Ukisema basi turushe kauri, umetoka kwenye kamari ukaingia kwenye ramli.

Dawa iko kwenye mchezo wa bao. Kete 64, kila mchezaji 32, na mnapoanza kunamua 10 ziko ubaoni na 22 mkononi, wala hakuna bahati nasibu hata moja. Mpe kila mhusika kete mkononi ziwe ndiyo pumzi yake: kumshawishi babu kunakula mbili, kukimbia dakika ya 80 kunakula tatu, na mkono ukiwa mtupu huna budi kumwachia mwenzio. Penalti je? Mpigaji anaficha kete katika ngumi moja, kipa anamsoma macho na kuchagua upande. Watoto wote wanaujua mchezo huo, na hapo ndipo mtu mzima anapotokwa jasho.

Na kanuni zote zifundishike kwa mdomo kabla birika la kahawa chungu halijakauka. Kitabu cha mchezaji cha Dungeons & Dragons kina zaidi ya kurasa 300; sisi bao tumelijua kwa kukaa karibu na anayelijua, na hakuna aliyewahi kuliita bao jepesi.

Imebaki kanuni moja ambayo mashabiki wa zamani wa michezo hii wataipigia kelele. Kwao msimulizi anayeongoza mchezo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kwetu mechi ambayo refa hakugombezwa ni mazoezi. Basi refa naye awe mhusika, na filimbi ibadilishe mikono kila kipindi. Atakayepinga uamuzi aweke kete moja katikati ya meza na aseme kesi yake kwa sauti ya kocha, ya nahodha au ya mama mzazi aliyevamia uwanja. Meza ikikubaliana naye, kete inarudi na uamuzi unafutwa; ikimkataa, kete inakwenda kwa refa, binamu wa nahodha wa wenyeji.