Picha zako atazifungua nani?

Mwaka 1985 Andy Warhol alichora picha kwenye kompyuta ya Amiga 1000, akazihifadhi kwenye disketi. Commodore, watengenezaji wa Amiga, wakafilisika 1994. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba vijana wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walizisoma disketi zile, wakakuta mafaili ya muundo usiojulikana. Ikabidi waufumbue kwanza ndipo picha zionekane.

Mimi mwandishi wa habari nimejaza picha za kazi kwenye diski, nikidhani nimetunza. Kumbe kasha bila ufunguo ni mzigo tu! Ukitunza faili, tunza na programu ya kulifungulia, au lihamishe mapema. Warhol ana jumba la makumbusho linalomtunzia. Mimi na wewe je?