Bibi Aliuliza kwa Kimakonde, Tukacheka

Msimu uliopita nilikaa kwenye mkutano wa chama cha msingi, kijiji kimoja cha Newala. Ofisa kasoma makato ya korosho kwa Kiswahili cha karatasi: tozo, ushuru, stakabadhi. Bibi mmoja kasimama, kauliza kwa Kimakonde kwa nini kilo zake zimepungua. Akajibiwa, "Bibi, ongea lugha ya taifa." Vijana wakacheka. Na mimi nilicheka, tusidanganyane. Bibi akakaa, swali likaishia hapo.

Makamanda, sina ugomvi na Kiswahili. Bila hicho Mmakonde wa Newala na Mmakua au Myao wa Masasi wangeelewanaje mnadani? Tatizo ni sera inayodhani lugha moja ikituunganisha, nyingine lazima zinyamaze. Sera ya Utamaduni ya 1997, ya wakati wa Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa hapa Masasi, inazisifu lugha za asili kuwa hazina ya kukuzia Kiswahili. Yaani ghala la kuchotea maneno, basi. Shuleni hazimo. Redioni kanuni zinataka Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine mpaka kibali. Hebu fikiria: Kiingereza, ambacho yule bibi hajui hata salamu yake, kinapita bure. Kimakonde kiombe ruhusa!

Ukisema hivi unaitwa mkabila. Haya, vuka Ruvuma. Msumbiji Kimakonde kinasikika kwenye redio ya taifa, na kimo kwenye mpango wa kuwafundishia watoto madarasa ya mwanzo. Wenzetu wana matatizo yao, tena makubwa, lakini hayakuletwa na taarifa ya habari ya Kimakonde.

Na sisi wapinzani tujitazame. Maadili ya uchaguzi yanataka kampeni kwa Kiswahili, ila yanaruhusu mkalimani pale wananchi wasipoelewa. Tumemtumia mara ngapi? Tunapandisha mlima na msafara kutoka Masasi, tunamwaga "katiba mpya" na "tume huru", wazee wanapiga makofi kwa adabu, wanarudi makwao.

Napendekeza tusisubiri ilani. Kila mkutano wetu wa hadhara Newala na Masasi awepo mtu wa kutafsiri, na maswali yapokelewe kwa lugha yoyote. Tuanzie kijiji kile kile. Swali la kwanza nalijua tayari: kilo zimekwenda wapi?